Heri Shabiki wa Timu ya Mkiani

Watu wamezoea kumsifu shabiki wa Simba au wa Yanga, eti ndiye mwenye mapenzi ya kweli na mpira. Mapenzi gani hayo ya kumpenda anayeshinda? Anayestahili kupigiwa saluti ni yule anayeifuata timu ya mtaa iliyo mkiani mwa ligi daraja la nne ya wilaya, huku Mbagala, kwenye uwanja wa shule wenye njia ya bodaboda inayokatiza ndani ya kumi na nane.

Tazama kwanza afya yake. Simba walipowafunga Yanga 5-0 Mei 2012, na Yanga walipokuja kulipa kwa 5-1 Novemba 2023, kuna watu wazima na akili zao walizima simu, wakakimbia kijiwe, wakawa wanarudi nyumbani kwa kupitia uchochoroni. Ihefu walipowafunga Yanga kule Mbarali Novemba 2022 na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza, presha zilipanda nchi nzima. Sisi? Kwetu kupigwa mkono ni Jumapili ya kawaida. Tunafungwa, tunakusanya jezi, tunaenda kula chipsi mayai. Hatuna rekodi ya kuvunjwa. Na kwa kuwa kampuni za kubeti hazijui kama tupo, hakuna mkeka wa mtu uliowahi kuchanika kwa ajili yetu.

Kisha heshima. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000. Piga kelele humo mpaka koo likauke, hakuna mchezaji atakayegeuka. Kwetu ukimsema kipa, kipa anakujibu. Majuzi alisimama kujibizana na mzee mmoja aliyemwambia anadaka kama anayeogopa kuchafua mikono. Maneno yakatoka kwenye mpira yakahamia kwenye deni la vocha, kipa akaweka mikono kiunoni ili aeleze vizuri, na mpira ukampita taratibu ukiwa hauna hata haraka. Goli. Niambie ni uwanja gani mwingine duniani ambako shabiki ana mchango mkubwa namna hiyo katika matokeo.

Huko kwa wakubwa unakata tiketi, unakaa, unarudi kwako. Huku wewe ni mfadhili, daktari na mwenyekiti kwa pamoja. Hela ya refa unachangishwa wewe. Mpira ukiangukia kwenye mchicha wa mama jirani, anayetumwa kwenda kuomba radhi ni wewe, maana wachezaji alishawapiga marufuku. Jezi tulipewa na mgombea udiwani, picha yake kifuani; kura hazikutosha, ila jezi zinadunda mpaka leo. Namba tumezibandika kwa plasta. Siku moja jasho lilibandua sifuri ya namba 10, na kadi ya njano ya mshambuliaji wetu ikaandikwa kwa kipa, namba 1, aliyekuwa upande wa pili wa uwanja akinywa maji.

Kamati ya ufundi tunayo pia, kama kila timu inayojiheshimu. Mtaalamu alilipwa, akazunguka goli usiku, akatuhakikishia ushindi. Tulifungwa nne. Alipoulizwa, alisema wenzetu walimlipa zaidi, na kwa ukweli wake huo tukaona si vizuri kudai hela irudi.

Najua wapo watakaotutetea kwa hoja kwamba vipaji vinatoka mchangani. Ni kweli, Mbwana Samatta, aliyefunga Wembley mwaka 2020 akiwa na Aston Villa, ni mtoto wa Mbagala hii hii. Lakini msituvunjie heshima kwa matumaini. Kwetu hakuna Samatta. Kuna beki wa kushoto anayechomelea mageti mpaka saa kumi, anaingia uwanjani na cheche zimetoboa fulana, na kila mpira anaupiga kuelekea barabarani kwa nguvu zake zote. Tunampigia makofi kwa sababu amekuja.

Jumapili tunacheza tena, na wapinzani ni vinara wa ligi. Kiingilio hakuna, ila njoo na buku ya refa. Na kama una njumu namba 42 usizozitumia, zibebe. Huyo beki anacheza na raba.