Msimbo wa Posta, Mali ya Nani?

Uingereza msimbo wa posta si siri: uko kwenye bahasha, kwenye risiti, hata ubavuni mwa gari la fundi bomba. Siri ni orodha yake kamili, ile inayotaja kila nyumba. Hiyo ni bidhaa ya Royal Mail, shirika la posta, na serikali ilipolibinafsisha shirika hilo mwaka 2013, orodha iliondoka nalo kama sanduku la bibi harusi.

Wachoraji wa ramani huria ya OpenStreetMap, wanaofanya kazi bila malipo, hawaruhusiwi kuinakili. Tangu 2010 wamemegewa Code-Point Open: kila msimbo na nukta yake moja. Msimbo mmoja hubeba takriban anwani 15. Nukta ikiangukia njia panda, kisia mwenyewe. Basi wanatembea na miavuli, wakisoma misimbo kwenye vibao vya vinyozi.

Waliochoka kulowa huchungulia takwimu za wakaguzi wa usafi wa vyakula, zilizo wazi kwa wote, zenye msimbo wa kila mgahawa. Ndivyo muuza chipsi mwenye jiko chafu anavyopata anwani timilifu, huku jirani yake anayepiga deki kutwa mara tatu akibaki namba tupu ramanini.