Robine Mpya, Maji Yaleyale

Tss! Bandugu, muoneni na huyu papa. Ameteremka na robine kubwa ya kung'aa kutoka Goma, anatuambia sasa maji yatakuja kwa nguvu nyumbani kwake. Robine! Tangu lini robine ikatoa nguvu? Kazi yake kufungua na kufunga, basi.

Nguvu ya maji ni kimo. Tanki likiwa juu ya nyumba yako mita 10, unapata karibu bari 1 ya presha. Mita 30, bari 3. Na sisi wa Kitshanga, Mungu akitunyima vingi, milima hakutunyima. Watu wa Goma maji yao yako chini, ziwani Kivu, kampuni ya maji, Regideso, lazima iyapandishe kwa pampu. Umeme ukikata, mama anashika bidoni anarudi ziwani. Hapa maji ya mlimani yanashuka yenyewe, bila mafuta wala fyuzi.

Sasa nguvu hiyo inapotelea wapi? Njiani! Mtu anapiga mabati mapya, anaweka mlango wa chuma, akifika kwenye tuyo anakumbuka umaskini: ananunua ya nusu inchi, anaivuta mita mia nzima. Nsss! Tuyo ya inchi moja, kwenye mteremko uleule, inapitisha maji karibu mara sita ya hiyo ya kwako. Si mara mbili, papa, mara sita! Weka nene njia yote, nyembamba uiache kwa zile hatua za mwisho ndani ya nyumba.

Tena mnaipitisha tuyo juu ya kila kimgongo, hewa inajikusanya pale kileleni, maji yanapita kwa kubanwa. Robine ikitema upepo mnamtukana mlinzi wa robine, maskini. Wekeni vane ndogo pale juu, hewa itoke. Na mvua ikinyesha, mtu apande kwenye chanzo aondoe majani na matope kwenye kichujio. Nani anapanda? Wote wanangoja mwingine.

Pimeni basi, msibishane bure. Chukueni bidoni la lita 20, mtu mwenye saa ahesabu. Watu wa misaada hesabu yao ni robine moja kwa watu 250, itoe lita 7.5 kwa dakika: bidoni linajaa kabla ya dakika 3. Ikitoa lita 2, ni dakika 10. Kumi kwa bidoni moja! Na mji huu uliwahi kuwabeba wakimbizi wa kambi za Mungote na Kahe juu ya wenyeji wake. Pangeni foleni ya bidoni thelathini muone binti wa shule anafika darasani saa ngapi.

Halafu kuna huyu wa bondeni. Hapo ndipo ulimi wangu unachoka kusonya. Anaacha robine wazi usiku kucha, anamwagilia kabichi, presha yote inaishia kwake. Tawi lake liwekewe vane, ifungwe nusu, maji yapande na kwa wengine. Na asituimbie kwamba analipa franka zake kama kila mtu, maana yule wa juu naye analipa zilezile, anachota upepo.