Hema Halina Anwani

Swali gumu kuliko yote aliniuliza mke wangu, na sijalijibu hadi leo. Nilikuwa nimelitandaza hema uani, jipya, bado linanuka harufu ya duka, nikihesabu vigingi. Akasimama mlangoni na ungo wa mchele, akalitazama hema, akanitazama mimi.

"Baba watoto, hii nyumba ina kasoro gani?"

Nikamweleza. Baiskeli, kandokando ya bahari ya Mediterania, kutoka Marseille, Ufaransa, hadi Barcelona, Hispania. Kilomita 600 na ushei, usiku 12, tunalala hemani.

"Baiskeli," akasema. "Ulaya." Kisha akarudi kuchambua mchele wake.

Sikumlaumu. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu baiskeli haijawahi kuwa starehe. Nilipakiwa kwenye keria nikiwa mtoto, nikabebea madumu ya maji nilipopata nguvu, na siku niliyonunua pikipiki mama alitoa sadaka. Sasa mwanawe huyohuyo anakata tiketi ya ndege ili akanyonge pedali. Nilipompigia simu kumuaga alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa huruma: "Mwanangu, kwani nauli ya basi huko ni shilingi ngapi? Nikutumie."

Aliyeniingiza katika mambo haya ni sahibu yangu Mngazija, tuliyesoma naye zamani. Anaishi Marseille, mji ambao Wakomoro wamejaa hata akienda sokoni asubuhi anaamkia kwa lugha ya kwao. Huko aligundua kwamba kuna njia ya baiskeli iitwayo EuroVelo 8, inayoanzia Cádiz na kuzunguka Mediterania hadi Kupro, zaidi ya kilomita 7,000. "Sisi tutaonja kipande tu," akaniandikia. "Tambarare kama meza." Baiskeli angeninunulia mwenyewe, ya mtumba. Tanga tunangoja mitumba ya Ulaya ishuke kwenye kontena. Mimi nilikuwa naufuata mtumba kabla haujapanda meli.

Basi nikaomba viza. Ukienda nchi mbili za Schengen, unaomba kwa ile utakayolala siku nyingi zaidi. Tukahesabu: usiku 7 Ufaransa, 5 Hispania. Ufaransa imeshinda. Nikaandaa ada, euro 90. Nikakata bima ya matibabu ya euro 30,000, thamani ambayo mwili wangu haujawahi kupewa. Sahibu naye akaenda ofisi ya meya kuchukua hati ya kumpokea mgeni, yenye muhuri. Hati hiyo ilitufaa usiku mmoja tu, maana kesho yake mwenyeji na mgeni wote wangekuwa barabarani.

"Shikamoo mzee," akasema binti wa dirishani kwenye ofisi ya viza. "Usiku wa pili utalala hoteli gani?"

"Marahaba. Si hoteli mwanangu, ni hema."

"Hema liko wapi?"

"Liko Tanga."

Akaacha kuandika. Watu wawili nyuma yangu wakaacha kuzungumza.

"Naomba anwani ya hema, mzee."

Nikaanza kumfafanulia kwamba hema ni kama gamba la kobe, mwenyewe anatembea nalo. Alinisikiliza hadi mwisho, akanirudishia bahasha yangu kwa heshima zote.

Ndiyo maana safari tuliyoiita ya uhuru ilizaa jedwali. Kila usiku ulipata kambi yake, kila kambi namba yake ya uthibitisho: leo Saintes-Maries-de-la-Mer, kesho Sète, keshokutwa kwingine, mpaka Barcelona. Nikalichapa nakala tatu. Viza ikatoka. Nakiri nililipenda lile jedwali. Hata kwenye ndege nilikuwa nalichungulia.

Halikuwa na safu ya upepo.

Lakini kwanza mbu. Nilipokuwa nikipunguza uzito wa mizigo, nilimuuliza sahibu kuhusu chandarua. "Chandarua? Ulaya?" Alicheka mpaka simu ikakatika. Nikakiacha. Sasa, Saintes-Maries iko Camargue, kwenye delta ya mto Rhône, na huko kuna madimbwi, farasi weupe, heroe waridi kwa maelfu, na mashamba ya mpunga. Penye mpunga pana mbu. Mtoto yeyote wa Mombo kwetu angetuambia bure. Malaria hawana, ila meno wanayo. Nilikaa usiku kucha nikijipiga makofi, huku mwenyeji wangu amejifunga taulo kichwani na kudai hawa ni wageni tu.

Chakula cha jioni kilikuwa mkate na samaki wa kopo. Mtungi wa gesi haupandi ndege, kwa hiyo tulinunua kulekule, na jiko langu linafungwa kwa hesi, ilhali mitungi yote pale dukani ilikuwa ya kubana. Tulijaribu kwa waya. Msijaribu kwa waya.

Alfajiri mbu wakatoweka wote kwa mkupuo. Nilishukuru mapema mno: walikuwa wameusikia upepo kabla yetu. Mistral hushuka kutoka kaskazini kwa kufuata bonde la Rhône, na ukikasirika hupita kilomita 100 kwa saa. Sisi watu wa pwani tunaijua kaskazi: huja na joto na majahazi. Hii ya kwao huja na baridi na mbingu isiyo na wingu hata moja, yaani unateswa huku jua likikutazama. Nilikuwa nimeng'oa kigingi cha mwisho. Mtu wa Tanga nikasimama nikiliona hema langu likigeuka tanga, likavuka uzio na kutua juu ya gari la wazee wawili wa Kijerumani waliokuwa wakinywa chai.

Toka pale hadi Aigues-Mortes ni kama kilomita 30. Jedwali liliipa safari hiyo saa 2. Upepo ulituvuma usoni, tukakanyaga kutwa, na kuna mahali tulishuka tukakokota baiskeli kwenye barabara ambayo kweli ilikuwa tambarare kama meza. Magharibi hiyo tulikuwa na kitanda cha mchanga tulicholipia Sète, mbali kabisa, na kila kambi tuliyobisha hodi ilikuwa imejaa, kwani ni Agosti na Ulaya nzima ina hema. Kupiga hema ufukweni Ufaransa ni marufuku. Tukaingia hotelini.

Godoro lilikuwa laini. Nikamkumbuka binti wa dirishani.

Na jedwali likishachelewa siku moja, limechelewa hadi mwisho. Kila jioni tulifika mahali tusipotarajiwa. Karibu na Perpignan baiskeli ya sahibu ilipata pancha, halafu yangu, halafu zote mbili. Nikachomoa mwiba kwenye tairi na kukaribia kuupa salamu: mbigili! Mbigili wa nyumbani kabisa, wenye pembe zao. Nikatumbukiza tyubu kwenye beseni, nikahesabu mapovu, nikapaka solusheni, nikabandika viraka 6 chini ya nusu saa, huku vijana wa kambini wenye baiskeli za mamilioni wakinizunguka. Ndiyo saa pekee katika safari nzima niliyoonekana nina mpango.

Penye mpaka, milima ya Pirenei inaingia mpaka baharini, jambo ambalo sahibu alisahau kulitaja. Goti lake lilianza kuuma mara tu tulipoiona stesheni ya Cerbère. Treni ikatuvusha kwa handaki hadi Portbou.

Kati ya usiku 12, hemani tulilala 4. Hema lilirudi Tanga likiwa na chaniko moja, na mke wangu amelipatia kazi uani. Vifaranga 18 wanalala humo, na hakuna aliyewauliza anwani.