Sifa za Mtumishi Asiyebisha

Kompyuta imejaa watumishi wenye maneno. Huyu anauliza kama una uhakika, yule anadai nywila, mwingine anazungusha kiduara wee mpaka chai ipoe. Mwenye adabu ni mmoja tu: rm -rf, amri ya kufuta ya Unix na Linux. Ukimtuma, keshafika. Hana swali wala kapu la taka la kukuwekea majuto.

Usikivu wake hauna mfano. Mwaka 2011, waundaji wa programu ya Bumblebee walikusudia ifute saraka moja iliyojificha ndani ya /usr. Katika maagizo ya kuisakinisha, kidole kikaacha nafasi tupu baada ya neno hilo. Mtumishi mjuaji angesema wakubwa wameteleza. rm hakujifanya mjuaji: aliisoma /usr peke yake, akaifagia yote, pamoja na programu tele zilizoishi humo. Nani mwingine hukutii hata unaponyamaza?

Ni mwalimu pia. Watu huhubiriwa bakapu miaka nenda miaka rudi. Yeye humaliza somo kwa sekunde. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva siyo. Alipomzuia rm, kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Ndipo ikabainika kuwa katika njia 5 za kuhifadhi nakala, hakuna hata moja ya kutegemewa. Mkaguzi gani angeyafichua hayo usiku mmoja, tena bila posho?

Tena huwapa watu heshima yao. Studio ya Pixar walipofutiwa sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 mwaka 1998, na bakapu ya ofisini ikawaangusha, aliyeokoa jahazi ni mfanyakazi wao Galyn Susman: kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga, alifanyia kazi nyumbani, na filamu ilikuwa kwenye kompyuta yake. Bila rm, nani angemshukuru mzazi kwa kutokuwepo ofisini?

Wenye husuda hawakukosekana. Tangu 2006, rm wa toleo la GNU hukataa kufuta mzizi wa mfumo mzima, yaani mkwaju (/), mpaka ashurutishwe waziwazi. Lakini tabia ni ngozi: tia kinyota baada ya mkwaju huo, utii wake wote unarudi. Msifuni, ila kwanza hakikisheni bakapu zenu zinafunguka.