Ndoo Nyekundu ya Keroka

Mimi ni mkandarasi wa daraja la 8, ambalo katika daftari la Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ndilo la mwisho, na chini yake hakuna tena ila mwenye mkokoteni; lakini hata mtu wa daraja langu hujaaliwa siku za fahari, na yangu ilikuwa asubuhi ile nilipokabidhiwa kazi ya kujenga maduka ya ghorofa moja mjini Keroka.

Asiyeijua Keroka na ajue kwamba ni mji mmoja wenye serikali mbili, upande huu Kisii na upande huu Nyamira, hata mtu aweza kununua ndizi katika kaunti moja na kuimenya katika nyingine kabla hajarudishiwa chenji yake. Zamani mpaka huo haukumshughulisha mtu wa kazi yangu. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika jedwali lake la nne, iliziweka huduma za zimamoto mikononi mwa kaunti, na tangu kaunti zisimame mwaka 2013 kila moja ina sheria yake ya fedha na ada zake. Nami, kwa pupa ya mtu aliyefurahi, nikaenda kulipa ada ya ukaguzi wa moto katika ofisi iliyo karibu na hoteli ninywapo chai, badala ya ile iliyo karibu na kiwanja. Fedha zikaenda kwa simu, stakabadhi ikaja, nikaagiza chai ya pili na mandazi. Siku ya nne nikaitwa. "Mzee," karani akaniambia kwa upole uliozidi kuniumiza, "hiki kiwanja chako tumekitafuta kwetu, hakipo." Kumbe kilikuwa ng'ambo! Kosa lilikuwa langu, wala sikuthubutu kuuliza habari za fedha, maana najua ya kwamba zikishaingia katika hazina ya umma huwa kama maji yaliyoingia mchangani. Nikavuka barabara, nikalipa tena.

Nisidhaniwe kwamba nadharau ukaguzi. Tarehe 28 Januari 2009 duka kubwa la Nakumatt liliteketea katikati ya Nairobi, na watu zaidi ya 20 waliokuwa wameingia kununua mahitaji ya nyumbani hawakurudi makwao. Tangu siku hiyo kila niingiapo dukani macho yangu huutafuta kwanza mlango wa pili. Kwa hiyo niliposomewa masharti sikunung'unika: mitungi ya kuzimia moto, njia ya kutokea isiyozibwa, mahali pa watu kukusanyika, na ndoo nyekundu za mchanga. Sharti hili la mwisho tu ndilo lililonichekesha kidogo, kwani malori matatu yalikuwa yamekwisha kumwaga mchanga pale kiwanjani, chungu iliyonipita kimo. Msimamizi wangu, mzee wa makamo ambaye huniita Omogaka, yaani mzee, ijapokuwa amenizidi umri, akanunua ndoo mbili, akazipaka rangi, akazijaza mchanga, akaziweka mlangoni pa stoo. Na moja, sijui kwa mkono wa nani, ikatoweka usiku uleule.

Mkaguzi akaja saa nane mchana, saa ambayo mawingu ya huku Gusii aghalabu huanza kazi yao. Alikuwa kijana mtaratibu, amevaa buti zilizong'aa, ameshika ubao wenye karatasi. Akauliza mtungi. Mtungi ulikuwapo, mpya, mshale wake umesimama penye kijani kama inavyopasa. Ila ulikuwa ndani ya stoo, na stoo ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtunza stoo, na mtunza stoo alikuwa Nyansiongo kwenye mazishi ya shangazi yake. Nilimwonyesha mkaguzi mtungi kwa kupitia tundu la dirisha. Akachungulia, akaandika.

Kisha akauliza mchanga. Nikainua mkono, kwa madaha ambayo hata sasa nayaonea haya, nikamwonyesha ile chungu kubwa. "Mzee wangu," akasema, "huo ni mchanga wa kujengea. Mchanga wa moto una ndoo yake." Akanieleza kwa subira kwamba rangi na petroli zikishika moto, maji huutawanya, bali mchanga huufunika ukakosa hewa, na mtu aliyepagawa kwa moshi hatatafuta sepetu, atashika kilicho chekundu. Maneno yake yalikuwa ya haki. Nikamwongoza kwenye ndoo iliyosalia.

Akainama, akatia vidole ndani ili auone wepesi wa mchanga, vidole vikagota. Akabisha kama mtu abishaye hodi, nayo ndoo ikaitikia kwa sauti ya jiwe. Vibarua, walipopungukiwa na vyombo juzi yake, walikuwa wameitumia kubebea mota, wakaiacha nje na masalio yake, na mvua ya usiku ikamaliza kazi. Mkaguzi akaishika mpini, akaivuta kwa mikono miwili, mpini ukang'oka. "Hii," akasema, akiutazama mkononi, "haitazima moto. Itamuua mwenye kuuzima."

Papo hapo mbingu zikafunguka. Mvua ya mawe ikatupiga, tukakimbilia sote chini ya zege la ghorofa, mkaguzi, msimamizi, vibarua na mimi, tukasimama tumebanana, karatasi zake zikichuruzika wino. Na mwashi mmoja akauliza kwa dhati kabisa kama moto waweza kuwaka katika hali ile. Hakuna aliyemjibu. Mkaguzi akajipangusa uso, akatazama huku na huku, akatangaza kwamba hapo tuliposimama pamefaa kuwa mahali pa kukusanyika, sharti moja limetimia.

Kibali nilikipata wiki mbili baadaye, nilipokwisha kulipa ada mara ya tatu kwa ajili ya ukaguzi wa marudio, nikanunua ndoo nne na mnyororo wa kuzifungia. Ile ya zamani haikukubali nyundo wala mtaimbo. Imerithiwa na bawabu wa usiku, ambaye kila jioni mvua ikikatika huiegemeza mlangoni pa stoo, akaikalia, akaota jiko lake la makaa.