Mkia wa Samaki

Bomba la moshi la pikipiki yangu lilidondoka Jumamosi, saa nne asubuhi, katikati ya njia panda ya Nyakanazi. Kabla sijashuka kuliokota, likapitiwa na lori la mafuta. Nyuma ya lori likaja semi la saruji, na nyuma ya semi, basi. Nilipolifikia lilikuwa bapa kama chapati, na kijana mmoja wa bodaboda akanipa mkono wa rambirambi: "Pole sana, mwalimu. Alikuwa ameugua muda mrefu?"

Hapa kwetu kitu kikidondoka barabarani, kisamehe. Barabara ya Kahama inaleta malori kutoka Dar es Salaam, ya Rusumo inayapeleka Rwanda, ya Kibondo inashuka Kigoma, ya Biharamulo inapanda Bukoba. Kila kitu kinapita Nyakanazi na hakuna kinachobaki. Hata jina lenyewe ni utani: tunaitwa Nyakanazi, na nazi tunaziona zikiwa ndani ya magunia, zikielekea kwa watu wengine.

Pikipiki yenyewe ni BSA Bantam ya marehemu baba, aliyeinunua kwa padri mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao. Vijana wa kijiweni wanasema BSA maana yake ni "Baba Sukuma, Asante". Nimewaeleza mara nyingi kwamba ni Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanzishwa na mafundi wa bunduki mwaka 1861, ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemeana. Nimewaeleza kwamba Bantam ya kwanza, D1, ilitoka mwaka 1948, cc 123, gia tatu, na kwamba mchoro wake Waingereza waliuchukua kwa Wajerumani kama fidia ya vita. Wananisikiliza kwa heshima zote, halafu wanasukuma. Kwa hiyo ninaendesha chombo alichokibuni Mjerumani, akakiunda Mwingereza, na kikazimikia mbele ya mama anayechoma mahindi. Kwenye tangi kuna picha ya jogoo, maana bantam ni jogoo mfupi, wale wadogo wenye makelele.

Nilianzia duka la spea. Muuzaji hakuitazama hata pikipiki. Alininyooshea salensa ya Boxer na kusema lile neno ambalo wauza spea huzaliwa nalo mdomoni: "Inaingia hiyo."

Kuingia iliingia, kama mguu wa mtu mzima unavyoingia kwenye kiatu cha mtoto: kwa kukata vidole. Kwanza fundi alihangaika na nati. Spana zake ni za milimita, namba 10, 12, 13, 14. Nati za Bantam zilipimwa kwa inchi za Kiingereza, kwa hiyo 13 haikubali na 14 inazunguka bure, ikichonga kona za nati mpaka inabaki duara. Ile nati kubwa inayolibana bomba kwenye silinda ilitolewa kwa patasi na nyundo, mimi nikiwa nimefumba macho. Kisha akakata, akachomelea, akafunga waya. Muuzaji akaniandika kwenye daftari lake, mwisho wa mwezi.

Ikawaka. Ilikuwa kimya kabisa. Niliendesha hadi nyumbani nikijiona mheshimiwa, nikaingia uani, nikazima. Mama alikuwa mkekani anachambua maharage, ameipa njia mgongo. Nilipomwamkia aliruka, ungo ukaenda upande wake na maharage upande wake.

"Wewe baba, unataka kuniua? Umeingilia wapi?"

Nikamweleza faida za salensa mpya. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanitaka niiondoe.

"Baba yako tulimsikia akiwa bado mbali," alisema. "Ukimsikia unafagia, unaweka chai jikoni, mtungi wa rubisi unarudi uvunguni. Akifika anakuta kila kitu mahali pake, anakaa anasema, nyumba hii ina amani. Unafikiri amani ile ilitoka wapi? Ilitoka kwenye bomba! Mwanamume anayeingia kwake kimyakimya anatafuta nini?"

Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, alikubali kwa kichwa haraka kuliko nilivyopenda.

Usiku ule nilitafakari. Wenyewe Waingereza wamekipa chombo hiki jina linaloitaja injini. Sisi hatukuitazama injini, tuliisikiliza: piki-piki-piki. Kwa Kiswahili, basi, ukibadilisha bomba unakaribia kubadilisha jina. Nilikuwa nimepanda kitu ambacho hakisemi piki hata mara moja.

Jumatatu nikaenda kwa kijana anayechomelea mageti. Alichagua bomba zuri la geti, akalipinda, akalichomelea, akalipaka rangi ya fedha. Pikipiki ilipowaka, kuku walihama mtaa. Bodaboda walisimama wakapiga makofi. Nikaondoka kwa mbwembwe hadi kwenye kilima cha kwanza, na pale pikipiki ikaanza kulia sana na kwenda kidogo. Nilipitwa na baiskeli yenye mikungu miwili ya ndizi. Mwenyewe akanisalimia.

Fundi ndiye aliyenipa somo, na nililistahili. Pikipiki ya kuchanganya oili na petroli haina vali. Moshi unatoka kwenye tundu la silinda wakati uleule petroli mbichi inapoingia, na iliyo mbichi inataka kuufuata moshi nje. Bomba lenye umbo sahihi hurudisha pumzi nyuma, na pumzi hiyo huizuia petroli isitoroke kabla haijafanya kazi. Bomba la geti halirudishi kitu. "Mwalimu," alisema, "wewe ulikuwa unamwagilia barabara kwa muziki." Kijana wa mageti naye akaniandika, mwisho wa mwezi.

Niliulizia Uingereza. Mabomba ya Bantam bado yanatengenezwa huko, maana ziliendelea kuundwa hadi mwaka 1971 na wanaozipenda wapo hadi leo. Tatizo ni kwamba nauli ya bomba ilizidi bei ya bomba, na ushuru ulikuwa bado haujaamka.

Ndipo nikamkumbuka shemeji yangu wa Mwanza, mtu anayejua kila jalala la vyuma mjini. Bantam za mwanzo zilikuwa na salensa iliyofinywa mwishoni ikatanuka, na mafundi wa zamani waliita umbo lile mkia wa samaki. Nikamwandikia ujumbe ambao mpaka sasa siuonei kosa:

"Shem, nitafutie mkia wa samaki. Wa zamani, mrefu kama mkono, usiwe na matundu. Bei isikutishe. Tuma kwa basi."

Akajibu: "Umepata."

Basi la Mwanza lilifika saa kumi jioni. Konda alishuka amebeba boksi kwa vidole viwili, ameliweka mbali na mwili wake. "Mzee, mzigo wako umetusindikiza tangu Geita. Abiria wawili wamehama siti." Ndani, umefungwa kwa gazeti, ulikuwemo mkia wa sangara mkavu kutoka Mwaloni, Kirumba: wa zamani, mrefu kama mkono, hauna matundu. Shemeji alitimiza kila sharti. Nilipompigia alikuwa na hasira: "Unajua nilivyozunguka? Wote wananiambia samaki wa zamani hawauzi, wanauza wapya!"

Fundi alipomaliza kucheka, na haikuwa mapema, aliuchukua ule mkia akaugeuza mara mbili. Kisha akaulaza juu ya kipande cha bati gumu na kuuzungushia chaki taratibu, kama fundi cherehani anayechora shingo ya gauni. Alipouinua, chumvi ilibaki imetapakaa ndani ya mstari. Akakata vipande viwili vya umbo lile, akavifumba kama viganja. Ndani akaweka bomba jembamba alilolitoboa matundu madogomadogo, mwishoni akaacha mwanya wa kupitisha ncha ya kidole. Nilisimama nikiwaza kwamba hawa wawili ni wa rika moja: sangara naye si mwenyeji wa Ziwa Victoria, aliingizwa miaka ya 1950, enzi za Waingereza, wakati Bantam zilipokuwa bado pikipiki mpya. Wamekuja kukutana uzeeni, kwenye benchi la fundi wa Nyakanazi.

Akafunga, akapiga kiki. Mara ya tatu jogoo akawika. Haikuwa sauti ya baba hasa. Mama alisema ina mafua. Lakini ilipanda kilima, na ilisema piki. Mkia wenyewe mama aliuloweka usiku kucha, akaupika kwa nyanya na bamia. Fundi alialikwa, akala kama mtu anayekula mchoro wake.

Sasa nikitokea njia panda, nyumbani wananisikia. Nikifika nakuta ua umefagiliwa, chai inachemka, mama yuko mkekani ametulia, na nimeapa kwamba uvunguni sitachungulia. Nyumba yangu ina amani.

Kuna jambo moja tu ambalo baba hakuniambia. Mwisho wa mwezi ulipofika nilikata kona jioni, piki-piki-piki, na nilipoingia uani nilikuta viti vitatu vimekaliwa: muuza spea, kijana wa mageti, na fundi. Kila mmoja alikuwa na kikombe cha chai mkononi.

"Karibu, mwalimu," alisema fundi. "Tumekusikia ukiwa bado mbali."