Nani Kasema Quadrophenia Si ya Fidla?

Jamani sogeeni. Na wewe mdogo wangu, hiyo redio ipunguze kwanza. Eti rock ikipigwa na okestra inakuwa imekufa! Mxiuu! Imekufaje?

Chukueni Quadrophenia ya bendi ya The Who, albamu ya 1973, sahani mbili nzima, nyimbo zote katunga mpiga gitaa wao, Pete Townshend, peke yake. Kisa cha Jimmy, kijana wa London wa miaka ya 60: ana skuta, ana suti, ana vidonge vyake, ila yeye ni nani hajui. Sasa tegeni sikio. Zile fidla zinazojaa nyuma ya gitaa ni Townshend na sinthesaiza yake. Zile tarumbeta ni mpiga besi wao, John Entwistle, kazipuliza mwenyewe. Watu wale walikuwa na okestra kichwani tangu siku ile, basi tu hawakuwa nayo studio!

Ndipo miaka mingi baadaye mwanamuziki Rachel Fuller akakaa chini akaiandikia noti za okestra. Julai 2015 ikapigwa Royal Albert Hall, London: Royal Philharmonic Orchestra, kwaya nyuma yao, Robert Ziegler akiongoza, na Alfie Boe, mtu wa opera, akiimba sehemu ya Jimmy. Townshend mwenyewe alikuwepo jukwaani. Albamu ya toleo hilo la okestra ilitolewa na Deutsche Grammophon, ambao klasiki ndiyo kazi yao. Halafu wapangaji wa chati ya klasiki Uingereza wakaikataa. Mxiuu! Fidla ni ile ile, mpigaji ni yule yule. Jana kapiga Beethoven ni klasiki, leo kapiga Townshend siyo? Townshend alilalamika hadharani, na mimi niko upande wake.

Ila linaloniuma nalisema. Ngoma! Keith Moon, mpiga ngoma wa The Who, alikuwa haufuati wimbo, alikuwa anaukimbiza, anaudaka, anaubwaga. Alifariki 1978, na noti za karatasini hazimrudishi. Na Boe naye, sauti safi mno. Roger Daltrey, mwimbaji wa The Who, akiimba, koo linakwaruza kama la mtu aliyefungiwa nje usiku kucha, na Jimmy bila mkwaruzo ule hakamiliki.

Kwa hiyo nyimbo za hasira mimi narudi 1973, kwa Moon na Daltrey. Lakini ikifika ile ya mwisho, Love, Reign o'er Me, naenda kwa Fuller na kwaya yake, kwa sababu wimbo ule siku zote ulikuwa unaomba watu wengi zaidi ya wale wanne wa The Who.